Bunduki ya Kukulia

Jumapili, 16 Machi

Leo baada ya kufuturu Zuwena kaniambia anataka kujiunga na watu wa kulenga shabaha. Kata ya uji ikanigandia mkononi. Mwanangu huyu wa miaka kumi na sita, ambaye mpaka juzi akiona mjusi bafuni ananiita kwa ukelele, anataka kushika bunduki!

Akanieleza polepole kama anayesema na mgonjwa. "Si bunduki ya kuua, mama. Ni bunduki ya upepo. Risasi yake kama punje ya choroko. Unalenga karatasi yenye miduara, mita kumi tu, ndani ya ghala." Nadhira wa Makurunge, anayesoma naye kidato cha tatu, yumo. Mwalimu wao ni askari mstaafu. Bunduki zinalala klabuni kwenye kabati la chuma, haziji nyumbani hata siku moja.

Nikasema nitafikiri. Ndiyo hapa nafikiri. Shule yangu iliishia darasa la tano, mwandiko wangu kama kuku kapita kwenye unga, lakini moyo ukinijaa nikiumwaga kwenye karatasi napata nafuu. Baba Zuwena yuko njiani na lori, simu haipatikani.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Bati la uani linavuja palepale.

Jumatano, 19 Machi

Baba Zuwena kapatikana, yuko Msata anasubiri mzigo. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, hofu zangu zote. Kauliza, "Inapiga kelele?" Nikasema mtoto anasema inalia tup, kama kizibo cha chupa. "Basi mwache," akasema. Mwanamume huyu! Mie roho inanitoka, yeye anaulizia kelele.

Jirani yangu Bi Swaumu kaja kuchagua kanga, akakuta habari mlangoni. "Mtoto wa kike na bunduki? Anakwenda kuwinda mume?" Nikamwambia, "Ndiyo, maana kwa mtego wa bintiyo kanaswa yule tuliyemwona." Akacheka mpaka akakaa chini. Akaondoka bila kununua.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda mwenyewe kuona. Ni ghala la zamani la korosho, njia ya Makurunge. Nilitegemea kukuta mtu wa kufoka. Mwalimu Abdillah ni mwembamba, ndevu nyeupe, anasema chini kwa chini hata inabidi usogee.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye mama. Umekuja kunikagua."

Nikaona haya, maana ni kweli. Akanionyesha kila kitu. Pana mstari mwekundu sakafuni. Ukiwa mtazamaji, huuvuki. Bunduki inatazama ukutani siku zote, hata ikiwa tupu. Akisema simama, hata anayetaka kupiga chafya anasimama. Nikamwona Nadhira, mrefu kama mnazi, anapiga ametulia mithili ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Lilipolia lile tup, nilishtuka peke yangu ghala zima.

Mwalimu akaniambia, "Kwa sasa atatumia za klabu. Mkitaka kumnunulia yake, karatasi za polisi nitazishughulikia mie kwa jina la klabu. Sharti langu moja tu: asinunuliwe bunduki kabla hajaishika. Bega lake ndilo linalochagua."

Nikaitikia. Nilikuwa natazama mstari, kama kuna mtoto atauvuka.

Jumapili, 23 Machi

Nimempigia kaka yangu Abdulnasir, yuko Dar na duka lake la vifaa vya ujenzi. Nilitaka anionye. Badala yake akapiga kelele za furaha mpaka nikatoa simu sikioni. "Binti yetu? Mlenga shabaha? Bunduki nanunua mie, Mwanvita. Mtu asitie mkono."

Kwetu mjomba ni mama aliyevaa kanzu. Akishasema hivyo, limekwisha.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau, wageni, mvua, matope mpaka sebuleni. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya kukimbizana. Zuwena alikwenda Kiwangwa kumpa bibi yake mkono wa Idi na kumsaidia mananasi. Alikuwa arudi jana, ili leo afuatane na mjomba wake mpaka duka la bunduki. Mvua imekula kipande cha barabara, gari hazipiti. Saa nne kaka akapiga simu kutoka dukani.

"Mwanvita, zipo mbili. Kila kitu sawasawa, ila rangi, na tena moja kitako kifupi na moja kitako kirefu. Nichukue ipi?"

"Kirefu kiasi gani?"

"Kimezidi kama upana wa vidole vinne hivi."

"Mwalimu alisema mtoto aje aishike mwenyewe."

"Mtoto yuko kwenye mananasi na njia imekatika! Jumatatu nasafiri. Nitoke mikono mitupu? Sema, muuzaji ananitazama."

Nikafikiri kama ninavyofikiri siku zote. Sare ya Zuwena nilishonesha ndefu, nikaikunja pindo, akaivaa miaka mitatu. Viatu nilinunua vikubwa, nikatia pamba mbele. Mtoto anakua, jamani, na kitu kizuri hakinunuliwi mara mbili.

"Chukua ndefu, kaka," nikasema. "Ya kukulia."

"Hapo umesema!" akasema. Muuzaji nikamsikia anasema jambo kule nyuma, kaka akamjibu, "Mama yake kashasema."

Nikakata simu nimefurahi, nikakaanga samaki.

Jumamosi, 12 Aprili

Bunduki imefika klabuni. Jamani, inavutia! Kitako cha samawati, chuma kinang'aa kama sufuria ya harusi. Kaka kaja na kofia yake ya kazi nzuri, kila mtu kampa mkono. Zuwena akaipokea kwa mikono miwili, akambusu mjomba wake mkono. Kaka alikuwa anapepesa macho, anajidai vumbi. Vumbi gani, na mvua hii.

Kisha akaiweka begani. Nikaona shingo yake inanyooka kama ya kuku anayechungulia juu ya ua. Mgongo ukaenda nyuma, kitako kikatoka begani kikakaa mkononi. Kaka akapiga picha, akatuma kwa ukoo mzima.

Mwalimu Abdillah akamtazama mtoto, akamtazama kaka, akanitazama mie. "Bunduki nzuri, mashallah," akasema, akaenda zake kufunga dirisha. Nikajisemea moyoni, mzee huyu ana kijicho kidogo.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Zuwena karudi mazoezini, kavua viatu, kaingia chumbani.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemwona anajikanda shingo. Nimemsugua kwa mafuta ya nazi na karafuu. Mkononi, karibu na bega, pana alama nyekundu.

"Hii unaipataje?"

"Nazoea, mama."

Jumatatu, 21 Aprili

Bi Swaumu anasema ni jicho la watu. "Picha imezunguka ukoo mzima, unategemea nini?" Nimemsomea mtoto Ayatul Kursiyyu, nimempulizia. Haidhuru kitu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimempeleka kupimwa macho. Mpimaji anasema macho yake yanaweza kumwona sisimizi upande wa pili wa barabara. Basi nini?

Tukirudi, tumejibanza chini ya mwavuli mmoja, Zuwena akasema, "Labda mie sina kipaji cha kulenga, mama. Mwisho wa mwezi ujao mwalimu anachagua wanne wa kwenda kwenye mashindano Dar. Na kila mwanafunzi atataja bunduki yake moja ya kushika mwaka mzima. Wapo watoto wengi wanasubiri nafasi. Nafikiri niiache nafasi yangu."

Alisema polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Wiki za kwanza, alipokuwa anatumia za klabu, alikuwa akirudi ananionyesha karatasi zake kabla hajavua viatu. Mwavuli nikauelekeza kwake.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilikwenda ghalani bila kumwambia mtu, nikasimama nyuma ya mstari. Mvua ilikuwa inapiga bati, hata mwalimu ikabidi apaze sauti yake. Nilimwona mwanangu anapigana na ile bunduki. Si kulenga kule, ni kupigana. Anaivuta, inamsukuma. Anarefusha shingo, mtandio unamteremkia machoni, anautengeneza, anaanza upya. Risasi zinakwenda ovyo.

Nikamfuata mwalimu. Sikuanza hata kwa salamu nzuri. "Mwalimu, humfundishi mwanangu."

Hakukasirika. "Bi Mwanvita, hebu nyoosha mkono, kama unayebisha hodi mlangoni. Sasa nyoosha zaidi. Zaidi. Kaa hivyohivyo." Nikakaa. Punde mkono ukaanza kutetemeka. "Hapo ndipo anapoishi mwanao kila siku. Kitako kirefu. Jicho halifiki kwenye tundu la kulengea mpaka shingo itoke mahali pake."

"Atakua, mwalimu."

"Inshallah. Lakini anapiga leo."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Mbele ya mjomba aliyeleta zawadi? Na wewe umesimama pale unameremeta?" Akatikisa kichwa. "Nilimwambia mtoto. Akaniapisha nisiwaambie ninyi."

Akamwita Zuwena, akatoa kabatini bunduki ya klabu, kuukuu, mbao imesuguka mpaka imekuwa rangi ya tende. Zuwena akaishika. Sina elimu ya mambo haya, lakini nilimwona mwanangu akikaa sawa. Shingo ikarudi nyumbani. Akapiga tano. Mwalimu akaleta karatasi, matundu yote yamesongamana kama watoto kwenye mkeka mmoja.

Zuwena hakucheka. Alinitazama akasema, "Mjomba asijue, mama."

Nami najua kwa nini. Zawadi ya mjomba hairudishwi. Unaipokea kwa mikono miwili, hata ikiwa jiwe.

Jumapili, 27 Aprili

Nimepata dawa. Sijui kwa nini sikuifikiria mapema, na kanga ndiyo biashara yangu.

Wifi akikupa kanga usiyoipenda, hufanyaje? Huirudishi, wala huivai kwenda nayo sokoni. Unaikunja vizuri, unaiweka. Siku ukisikia wifi anakuja, unaitoa, unajifunga, unampokea nayo. Akiondoka, unaikunja tena. Wifi moyo kunjufu, na wewe moyo kunjufu.

Nikamwambia Zuwena, "Siku zote tumia ile kuukuu. Mjomba wako akija, shika ya kwake."

"Mama, huko si kumdanganya?"

"Kumdanganya wapi? Ni kumpokea."

Akafikiri. "Sawa, mama." Hakupenda, nilimwona, lakini ni mtoto msikivu.

Mwalimu Abdillah nilipomweleza kwenye simu akasema, "Bi Mwanvita, huku si harusini." Nikamwambia yeye afundishe, mambo ya ukoo aniachie mie.

Ijumaa, 2 Mei

Zuwena kaingia na karatasi mkononi kabla hajavua viatu! Nimeibandika ukutani, karibu na kalenda.

Jumatano, 7 Mei

Mvua kubwa, maji yameingia mpaka uvunguni mwa kitanda. Nimeokoa kanga zote. Zuwena alikwenda mazoezini hivyohivyo, karudi amelowa, anaimba.

Jumamosi, 10 Mei

Kaka kaja. Zuwena akatoa ya samawati, akarefusha shingo, akatabasamu. Ikaenda risasi moja mpaka nje ya karatasi.

"Anazoea," kaka akasema.

"Anazoea," nikasema.

Nadhira alikuwa anaitolea macho ile bunduki. Zuwena alipopumzika akaomba aijaribu, kaka akamruhusu, mwalimu akaitikia. Ilimkaa yule mtoto mrefu kama ilishonwa juu yake! Akapiga katikati. Kaka akapiga makofi, kisha akageuka kwa mpwawe. "Umeona? Bunduki haina tatizo. Wewe fanya bidii tu, mwanangu."

Zuwena akasema, "Ndiyo, Mjomba." Chakula cha mchana hakula. Kaka alikula vizuri, akaondoka na mananasi. Dawa imefanya kazi, lakini imeniacha na uchungu mdomoni.

Jumanne, 13 Mei

Leo jua, mara ya kwanza wiki hii. Nimeanika magodoro.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda ghalani na chai ya tangawizi kwa mwalimu. Nilimwona mtu wa kijicho, kumbe ni mtu wa subira. Akaniambia Zuwena yumo kati ya wanne wake bora. "Akipiga Jumamosi, siku ya kuchagua, kama anavyopiga siku za kawaida, anakwenda Dar."

Nimerudi njia nzima nacheka peke yangu. Watu wameniamkia, sijui kama nimewaitikia.

Jumamosi, 24 Mei

Nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Raundi zilikuwa mbili, risasi kumi kila moja, na zinajumlishwa. Bunduki unayoanzia raundi ndiyo unayomalizia. Kati ya raundi na raundi, ruhusa kubadili. Zuwena alikuwa ameshika ile kuukuu, anaifuta, ametulia. Mara nikasikia honi. Kaka Abdulnasir, kwenye gari na sinia la sambusa. Nani kamwambia? Baba Zuwena, kwa furaha yake. Ndiyo simu aliyoona vyema kuipiga.

"Mtoto wangu anapigania Dar, nikose?" kaka akasema.

Zuwena akamwona. Akatazama bunduki iliyo mkononi, kisha akanitazama mie. Alikuwa ananiuliza. Nami, Mungu anisamehe, nikamwonyesha kabati kwa kidevu.

Akaenda akabadili.

Sitaki kuieleza raundi ile. Shingo, mtandio, bega. Sitini na moja. Nadhira alipata tisini na tatu. Mwalimu alisoma matokeo kwa sauti ileile moja, hakunitazama, na laiti angenitazama kwa hasira ningepata nafuu. Zuwena alikaa benchi la mwisho, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kaka akanong'ona, "Hofu tu hiyo. Raundi ya pili atazoea."

Neno lile lile. Nikamwona mwanangu anazoea, anazoea, mpaka anaacha.

"Kaka, njoo nje kidogo."

"Na mvua hii?"

"Njoo."

Tukasimama chini ya upenu, maji yanatudondokea mabegani.

"Ile bunduki haimkai," nikasema.

"Haimkai vipi? Ya mabingwa ile."

"Ndefu. Mie ndiye niliyekwambia ndefu. Anaishika siku ukija wewe tu. Siku nyingine zote anatumia kuukuu ya klabu, na anapiga, kaka, anapiga hata mwalimu anashangaa. Ulipokuja leo nimemfanya aiache. Ni mie. Tunakufanyia kama kanga ya wifi."

Kaka ni mtu mnene, mwenye sauti, lakini hapo aliuliza chini kwa chini.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na siku ile ninapiga makofi, namwambia afanye bidii?"

"Naam."

"Mwalimu anajua?"

"Anajua."

"Yule mtoto mrefu naye?"

"Naye."

"Kwa hiyo mjinga nilikuwa mmoja." Akavua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa. "Kanga ya wifi huvaliwa kwa sababu wifi ni mgeni, Mwanvita. Mie mgeni kwenu?"

Akaingia mvuani, akaenda garini, akafunga mlango. Nikabaki pale. Nimemlea yule mtoto kwa kuogopa, na kaka yangu nimemheshimu kwa kuogopa, na sasa wote wawili nimewapoteza asubuhi moja. Ndivyo nilivyojiona.

Mwalimu akaita raundi ya pili. Nikakimbilia ndani. Zuwena alikwisha simama mahali pake, ya samawati mkononi, risasi bado hajatia. Nikafika kwenye mstari mwekundu nikakwama, maana huuvuki.

Nyuma yangu nikasikia pumzi. Kaka, anachuruzika kama amechotwa baharini.

"Mwalimu, ruhusa niseme neno."

"Sema. Hukohuko."

"Zuwena! Iweke hiyo. Chukua ile yako."

Mtoto akageuka. "Mjomba, sitaki uudhike."

"Nimekwisha udhika, mwanangu. Sasa piga vizuri, nisiudhike bure."

Ghala zima likacheka, hata mwalimu, nilimwona ndevu zikitikisika. Zuwena akaenda kabatini. Aliporudi na kuukuu yake hakututazama tena. Bati lilikuwa linapigwa na mvua, sikusikia hata tup moja, nilikuwa naona bega lake tu, halisogei. Kaka alinishika mkono. Alinibana mpaka pete ikaniuma, sikumwambia.

Tisini na mbili.

Haikutosha. Zikijumlishwa na zile sitini na moja, akawa wa tano. Wanne wanakwenda. Mwalimu akasema wa tano atakuwa wa akiba, atasafiri nao, mtu akiugua ataingia. Zuwena akapiga kelele, yeye na Nadhira wakakumbatiana kama wamechaguliwa wote. Mie nikalia. Kaka akanipa sambusa, ndiyo kitu alichokuwa nacho.

"Mashindano yapo na mwakani," mwalimu akasema, akachukua sambusa mbili.

Jumatatu, 26 Mei

Kaka hajapiga simu. Nami naogopa kupiga.

Jumanne, 27 Mei

Nimepiga. Kapokea kabla haijaita vizuri. "Nilikuwa nangoja uone haya," akasema. "Umechelewa siku moja." Tukazungumza mpaka salio likaisha, kisha akapiga yeye.

Jumamosi, 31 Mei

Mbingu nyeupe, mvua imepungua, barabara ya Kiwangwa imefunguliwa. Leo kila mwanafunzi alikuwa anataja bunduki yake ya mwaka.

Kaka kaja asubuhi. Kwanza akamwita Nadhira. "Ile ndefu inakupenda wewe. Nimezungumza na Zuwena, kakubali, kafurahi. Ishike wewe, mpaka utakapoichoka." Nadhira alipokea kwa mikono miwili. Mwalimu akasema itabaki kwenye kabati lilelile, kwa jina la klabu, ila bega limebadilika.

Kisha kaka akafungua mkoba mwingine. Ile fupi, mwenzake ile ya samawati! Dukani wamemwazima mwalimu aijaribishe, isipofaa irudi. Nyekundu hii, mpya, inanukia mafuta. Moyo wangu ukaipenda papo hapo. Pembeni yake kwenye meza, ile kuukuu, mbao imesuguka, pana mahali imebanduka. Nikamsogelea mwanangu nimwambie achukue mpya. Nikafungua mdomo. Kaka naye akafungua wake. Tukatazamana, tukafunga wote wawili.

Mwalimu akamwambia Zuwena, "Funga macho. Iweke begani. Ukitulia, fungua, uniambie unaona nini."

Akaanza na mpya. Akafumba, akaiweka, akatulia, akafumbua.

"Naona duara, mwalimu. Liko pembeni kidogo. Nikisogeza shavu, linakaa."

"Sasa ile."

Akachukua kuukuu. Akafumba macho. Alikaa muda mrefu, hata Bi Swaumu, aliyekuja kuona tu hizo bunduki zinafananaje, akaacha kutafuna. Akafumbua.

"Katikati," akasema.

"Umesogeza shavu?"

"Sijasogeza kitu."

Akaishusha, mtutu ukutani, akageuka kwetu. Niliona anajua kaka amesafiri na mpya, anajua mie naitamani. "Mjomba, nashukuru sana. Nzuri ile. Lakini nataka hii."

Hakuinamisha kichwa aliposema.

Kaka akanyoosha kidole. "Hiyo imechakaa, mwanangu."

"Ndiyo, Mjomba."

"Rangi imebanduka."

"Ndiyo, Mjomba. Siitazami rangi nikiwa nalenga."

Kaka akacheka, cheko la kukubali, akaifunga nyekundu kwenye mkoba wake. Mwalimu Abdillah akamwuliza Zuwena kama anataka kupiga chache kabla ya kufunga, akasema anataka. Akarudi mahali pake. Akaweka mguu, akaweka bega, akapumua.

"Mwambie asikaze sana vidole," kaka akaninong'oneza.

"Nyamaza, kaka," nikamwambia. "Analenga."

Tukasimama nyuma ya mstari, mimi na kaka yangu, mikono nyuma kama watoto wa madrasa, tukingoja. Yeye wala hakukumbuka kama tupo.